Websaiti inafunguka kwa kila mtu ila kwangu tu: nilivyoitafuta shida mpaka nikaikuta

Naandikia yule ambaye sasa hivi yuko mbele ya kompyuta, websaiti moja imegoma, zingine zote zinafunguka freshi, video zinacheza, barua pepe zinaingia, na kila anayemuuliza anamjibu "mbona kwangu inafunguka". Najua hilo jibu linavyoudhi, wakati mwingine kuliko hata tatizo lenyewe. Ila nimekuja kuona kwamba ndo taarifa ya kwanza ya maana utakayopata, maana kama inafunguka kwa wengine basi seva (kompyuta inayohifadhi websaiti) ipo hai, websaiti haijafa, na we unabaki na vitu vichache tu vya kushuku: mtandao wako, kompyuta yako, au brauza yako.

Kwangu ulikuwa mfumo wa ripoti wa kazini, ule wa kuingilia kwenye brauza. Kompyuta yenyewe nilirithi kwa mwenzetu aliyehamishiwa kitengo kingine, na nilikuwa nimeshaitumia miezi mingi bila tatizo lolote. Siku hiyo naandika anwani, kiduara kinazunguka, kinazunguka weee, mwisho unakuja ukurasa mweupe na maandishi ya kijivu. Jirani yangu wa meza, waifai ile ile, yuko ndani ya mfumo anaendelea na mambo yake. Na ripoti ilitakiwa iingie siku hiyo hiyo, sio kesho.

Sasa ukiwa na shida ya kompyuta wasaidizi hawakosekani, na kila mtu ana dawa yake. Zima uwashe, nikazima nikawasha. Mwingine akanisogeza pembeni kabisa, akabonyeza Ctrl+Shift+Delete, akatiki kila kiboksi alichokiona, "futa kache hiyo", yaani zile nakala za kurasa ambazo brauza inajiwekea, akafuta. Websaiti haikufunguka, na kibaya zaidi kati ya vile viboksi kimoja kilikuwa cha paswedi zilizohifadhiwa, zikaenda zote. Mchana mzima wa siku iliyofuata nilikuwa nabonyeza "nimesahau paswedi" kwenye akaunti moja baada ya nyingine. Hiyo ndo hasara kubwa niliyopata kwenye sakata zima na haikusaidia hata kidogo.

Kama unashuku kache au kuki (vifaili vidogo ambavyo websaiti inaviacha kwenye brauza ili ikukumbuke), usianze kwa kufuta. Fungua kwanza dirisha la siri, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, halafu jaribu websaiti humo. Dirisha la siri haliangalii kuki zako za zamani, na ekstensheni (zile programu ndogo za kuongezea kwenye brauza) nazo kwa kawaida zinakuwa zimelala humo labda uwe umeziruhusu mwenyewe. Ikifunguka humo, basi shida iko kwenye kuki au ekstensheni na hapo unafuta data za websaiti hiyo moja tu, bofya kile kialama kilicho kushoto kwa anwani utaona sehemu ya mipangilio ya saiti. Isipofunguka, kache yako haina kosa, iache na paswedi zako zipumzike. Kwangu haikufunguka.

Kitu cha pili ambacho ningetamani mtu angenishika bega aniambie ni kusoma yale maandishi ya kijivu. Nilikuwa nayaona kama mapambo, yaani ukiniuliza inasemaje nakujibu "inasema haifunguki". Kumbe kule chini kuna neno moja la herufi kubwa ambalo ndo linakwambia safari imekwama wapi. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN maana yake kompyuta imeulizia jina la websaiti ikaambiwa jina hilo halipo. ERR_CONNECTION_REFUSED, imefika kwenye mashine fulani na mashine imekataa. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, imegonga mlango, imesubiri, hakuna aliyeitika. Ukiona neno lenye CERT ndani yake, ujue umefika ila cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba websaiti ndo yenyewe, kina walakini. Na ukiona namba kama 403 au 500, hapo umeshafika kabisa kwenye seva na seva yenyewe ndo imekujibu hivyo, kwahiyo usihangaike na waifai. Yangu ilikuwa TIMED_OUT. Ikumbuke hiyo maana baadaye itakuja kueleweka.

Basi nikaamua kuacha dawa za kubahatisha nianze kukata vipande. Simu kwanza. Hapa watu wengi wanafanya haraka, wanafungua websaiti kwenye simu, inafunguka, wanasema "ni kompyuta". Subiri. Simu ilikuwa kwenye nini, data au waifai? Ni majibu mawili tofauti. Ikifunguka kwa data za simu umejua websaiti iko hai, basi, waifai yako hujaipima bado. Zima data, iunge kwenye waifai ile ile ya kompyuta, jaribu tena. Ikifunguka na huko, ruta na kampuni ya intaneti wametoka kwenye kesi, kwa kiasi kikubwa. Halafu fanya kinyume chake, washa hotspoti ya simu uiunge kompyuta. Kwangu simu ilifungua kwa data, ikafungua kwa waifai, kompyuta ikagoma kwa waifai na ikagoma hata kwa hotspoti. Hapo nikajua ugonjwa unatembea na kompyuta popote inapokwenda.

Brauza nyingine je? Nilikuwa natumia Chrome, mtu akaniambia jaribu Edge, nikajaribu, wapi. Lakini Chrome na Edge zimejengwa juu ya msingi mmoja wa Chromium na zote zinafuata mpangilio wa proksi (mashine ya kati inayopitisha mawasiliano yako) wa Windows, kwahiyo ukijaribu hizo mbili umejaribu kama kitu kimoja na nusu. Bora Firefox, maana ina sehemu yake ya kupanga proksi na ina orodha yake yenyewe ya mamlaka za vyeti (wale wanaotoa vyeti vya usalama vya websaiti), ukiona inafungua na zile zingine hazifungui umepata fununu nzuri. Nikaiweka. Ikagoma nayo. Kwahiyo sio brauza.

Nikapita kwa washukiwa wa kawaida, haraka haraka. Saa na tarehe: zilikuwa sahihi. Usicheke, hii ya saa inaangusha watu sana, kompyuta ya zamani ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa (kile cha duara, mara nyingi CR2032) ikizimwa inarudi miaka ya nyuma huko, na cheti cha websaiti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwahiyo kompyuta inayodhani iko mwaka mwingine itakataa karibu kila websaiti yenye https. Na kuna ndugu yake huyu: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mizizi (kile ambacho vyeti vya websaiti nyingi vinakitegemea) kinachoitwa DST Root CA X3 kilifika mwisho, na vifaa vingi vya zamani visivyopata apdeti vikaanza kukataa websaiti ambazo jana yake vilikuwa vinazifungua vizuri. Saa iko sawa, websaiti iko sawa, kifaa tu ndo hakina orodha mpya. Lakini hizo zote zingekuja na neno CERT na zingegusa websaiti nyingi. Mimi nilikuwa na TIMED_OUT kwenye websaiti moja.

Proksi: kwenye Windows unaingia Settings, Network & internet, Proxy, ukute swichi ya proksi ya kuweka kwa mkono imezimwa. Imezimwa. VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya siri kupitia seva nyingine): sina. Antivairasi: nikaisimamisha dakika chache, nikajaribu, hakuna kitu, nikairudisha palepale. Tafadhali irudishe, watu wanaizima kwa ajili ya kujaribu halafu wanasahau.

Fundi mmoja niliyempigia, hata hajauliza neno la kosa, akasema "hiyo Windows imechoka, tupige formati". Nusu nikubali, kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka. Mwingine akasema bonyeza Network reset. Hiyo inafuta na kuweka upya adapta zote za mtandao, na kama una VPN huenda ukaipanga upya, na kwa shida yangu wala isingenisaidia maana ilipojificha haipagusi. Namna ninavyoona mimi, mtu anayekimbilia kuweka upya kila kitu anataka tatizo liondoke bila kulijua jina, na wakati mwingine linaondoka kweli, ila likirudi mnaanza upya wote wawili.

Kilichonitoa ni amri mbili. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter, kile kidirisha cheusi kinafunguka. Kisha andika nslookup, acha nafasi, andika jina la websaiti bila https wala mkwaju (/). Majibu yanakuja mafungu mawili, na hapa watu wanachanganya: namba ya juu ni ya seva ya DNS (daftari la intaneti linalogeuza jina la websaiti kuwa namba) unayoiuliza, ya chini ndo ya websaiti. Na yale maneno "Non-authoritative answer" yasikutishe, sio kosa. Kwangu namba ya chini ilikuwa, tuseme, 203.0.113.80 (nimeibadilisha, hizo ni namba zilizotengwa kwa ajili ya mifano). Nikamwomba jirani yangu afanye hivyo kwenye yake, namba ile ile. Nikasema haya, DNS nayo ni nzima, nimekwisha.

Sijui kwa nini, nikaandika ping na jina lile lile. Mstari wa kwanza kabisa unaonyesha namba ambayo kompyuta inaiendea, ndani ya mabano ya mraba. Ikaandika 198.51.100.24. Halafu chini "Request timed out", "Request timed out", mistari minne.

Nikakodoa macho. Nikapandisha juu kuangalia nslookup, nikashuka kwenye ping. Jina moja, kompyuta moja, dakika moja, namba mbili tofauti. Kwa jirani yangu ping ilionyesha ile ya 203. Hapo ndo nilipoacha kuchoka, nikaanza kuona utamu.

Ngoja nieleze, maana hapa ndo penyewe. Ping kutojibiwa sio ushahidi wa chochote, seva nyingi tu zimezimwa zisijibu ping na websaiti zake zinafunguka vizuri, kwahiyo usiangalie kama inajibu, angalia namba. Na kwa websaiti kubwa zenye seva nyingi duniani namba zinaweza kutofautiana bila kosa lolote, ndo maana nikalinganisha na kompyuta ya jirani. Tofauti ya hizi amri mbili ni kwamba nslookup inaenda moja kwa moja kuuliza seva ya DNS, wakati ping inafanya kama brauza inavyofanya kwa kawaida, yaani inaiuliza kompyuta yenyewe kwanza kama ina jibu lake mfukoni. Zikipishana, kompyuta ina jibu lake mfukoni.

Jibu la mfukoni linaweza kuwa kwenye kache ya DNS, hiyo unaifuta kwa ipconfig /flushdns, haina madhara yoyote, haigusi paswedi wala nini. Nikaifuta, nikapiga ping tena. 198 ile ile. Kama ingekuwa kache ya kawaida ingeondoka. Kitu kinachorudi hata baada ya kufutwa kinakuwa kimeandikwa mahali, na mahali penyewe ni faili moja linaloitwa hosts.

Hili faili ni la kale kuliko DNS yenyewe. Enzi za ARPANET, mtandao wa kale uliotangulia intaneti, kompyuta zilipokuwa chache, majina yote na namba zake yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, likitunzwa kwenye taasisi ya SRI huko California, na kila mtu alikuwa analichukua kutoka kule. Mashine zikaongezeka mpaka faili likawa mzigo, ndo mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na DNS. Lakini faili la hosts halikutupwa, lipo mpaka leo kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa kawaida linasikilizwa kabla ya DNS. Likisema websaiti fulani iko namba fulani, kompyuta inaamini, haiulizi tena. Kikulacho ki nguoni mwako, ndo hii sasa.

Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ukitaka kulibadilisha tafuta Notepad kwenye menyu, bofya kulia, chagua Run as administrator, halafu ndani ya Notepad nenda File, Open, mpaka kwenye hilo folda. Utaona folda tupu na utadhani umepotea. Haujapotea, faili halina kiishio (kama .txt), kwahiyo pale chini kulia badilisha "Text Documents" iwe "All files" litatokea. Na ukisevu hakikisha halijawa hosts.txt, likiwa hivyo kompyuta haitalisoma.

Nikafungua. Juu kuna mistari mingi inayoanza na alama ya #, hiyo ni maelezo tu, kompyuta inairuka. Nikashuka. Nikaendelea kushuka, maana kulikuwa na nafasi tupu. Chini kabisa kuna mistari miwili:

# ya muda - kujaribu seva mpya, itolewe baadae

198.51.100.24, nafasi, na jina la mfumo wetu wa ripoti.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akageuka. Kumbe yule mwenzetu niliyerithi kompyuta yake alikuwa mmoja wa waliojaribu mfumo kabla haujahamishiwa seva mpya, na ukitaka kuona websaiti kwenye seva mpya kabla DNS haijabadilishwa, njia yenyewe ni hii hii, unaandika namba kwenye hosts. Hakukosea kitu. Mfumo ulipohamia kweli, namba ya kwenye faili na namba ya DNS zikawa moja, kwahiyo mstari ulikaa pale bila kumsumbua mtu, mimi nikaingia nikatoka miezi yote hiyo. Mpaka walipouhamisha tena. Kompyuta zote zikafuata DNS kwenda namba mpya, yangu ikaendelea kugonga nyumba iliyohamwa. Ndo ile TIMED_OUT, na ndo maana ilikuwa "jana inafunguka leo haifunguki" wakati kwenye kompyuta hakuna aliyegusa kitu.

Sikuufuta mstari, niliweka # mbele yake tu, ili kama nimekosea niweze kuurudisha. Nikasevu, flushdns, nikafunga brauza zote nikafungua upya maana brauza nazo zina kumbukumbu yake. Ikafunguka. Ripoti ikaingia jioni, kwa kuchelewa kidogo, na nikapata maneno yangu.

Tangu hapo nimekuwa wa kuitwa, na nimeona kwamba sio kila mara ni hosts, mara nyingi ni vitu vidogo zaidi. Dada mmoja wa ofisini kwetu, shida ilikuwa ekstensheni ya kuzuia matangazo, dirisha la siri likamaliza kesi ndani ya dakika. Mwingine ilinisumbua sana: websaiti inaanza kufunguka, tabu inaandika jina, halafu inaganda, na websaiti nyepesi zinafunguka vizuri. Ilikuwa ni ukubwa wa paketi, vile vipande ambavyo data hukatwa ili kusafirishwa. Mtandao wa kawaida unabeba paketi za mpaka baiti 1500, lakini njia zingine zinabeba pungufu, PPPoE kwa mfano (namna ya kuunga inayotumiwa na baadhi ya kampuni za intaneti) ni 1492, na VPN hushusha zaidi, na kama kuna kifaa njiani kinameza ule ujumbe wa "paketi yako kubwa mno" basi paketi ndogo zinapita na kubwa zinapotea kimya kimya. Unapima kwa ping -f -l 1472 na jina la websaiti inayojibu ping, hiyo 1472 ukijumlisha 28 za vichwa (maelezo yanayobandikwa mbele ya kila paketi) inakuwa 1500. Isipopita shusha namba kidogo kidogo mpaka ipite. Kwake VPN ndo ilikuwa na makosa, ikapangwa upya.

Ukifika mahali umeshindwa unataka kumwandikia mtu wa IT, usimwandikie "websaiti haifunguki". Mpe anwani kamili, lile neno la herufi kubwa, umejaribu kwa mtandao gani na gani, dirisha la siri limesemaje, na skrinshoti ya nslookup na ping zikiwa kwenye kidirisha kimoja. Mtu anayejua kazi yake akiona hizo namba mbili hazifanani hatokuambia upige formati.

Na kama uko kwenye Mac au Linux, faili ni /etc/hosts, unalisoma kwa kuandika cat /etc/hosts kwenye terminali.

Jambo la mwisho, na hili sio la kuchekesha. Ukifungua hosts ukakuta jina la benki, barua pepe au websaiti ya antivairasi imeelekezwa kwenye namba usiyoijua, hiyo haikuandikwa na mwenzako aliyesahau. Virusi hupenda kuandika humo, na vingine vinasukuma mistari yake chini kabisa au mbali kulia ili usiione, kwahiyo shuka mpaka mwisho na usogeze upande pia. Ukikuta hivyo usifute ukaendelea na kazi. Toa kompyuta kwenye intaneti, badilisha paswedi zako ukiwa kwenye kifaa kingine, isafishe kompyuta kwa antivairasi, halafu uje urudie kuliangalia lile faili kama mistari haijarudi.